Mwenye Mali Ale Kwanza

Mwezi Agosti 1988, wilayani Muleba mkoani Kagera, Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo kwa shilingi 300,000. Shamba lilikuwa lake kwa wosia halali wa baba yake. Mnunuzi, Gervazi Kaizilege, hakuwa mtu wa ukoo. Siku iliyofuata, Bernardo Ephrahim, ambaye Holaria alikuwa shangazi yake, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Dai lake lilikuwa fupi: kwa mila ya Wahaya, mwanamke hula matunda ya shamba la ukoo, haliuzi.

Kashasha walimkubalia. Wakatangaza mauzo kuwa batili na kumwamuru mama arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua, ikishika Haki za Binadamu zilizokuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ephrahim akapanda Mahakama Kuu, Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaitupa rufaa yake. Mwanamke, alisema jaji, ana uwezo wa kuuza shamba la ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Mtu wa ukoo anayelitaka shamba na alikomboe: alipe bei ile ile, na Ephrahim alipewa miezi 6 ya kufanya hivyo.

Kesi hii hufundishwa katika vyuo vya sheria kama ushindi wa wanawake na wa Katiba, na ni sawa. Lakini kuna jambo lililoandikwa mwanzoni kabisa mwa hukumu ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Holaria aliuza kwa sababu alikuwa amezeeka, kumbukumbu zinamtupa, na hana mtu wa kumtunza. Ukoo uliolikimbilia shamba siku moja tu baada ya kuuzwa ni ule ule ambao mama huyu alizeekea ndani yake bila mtunzaji. Hakuna aliyekwenda mahakamani kuuliza nani atampikia.

Sura hii inahusu swali hilo. Vitabu vya mirathi, semina za makanisani na mawaidha ya misikitini huanzia kwenye kifo: mtu amekufa, mali imebaki, igawanywe vipi. Siku hizi, hata hivyo, kati ya nguvu za mtu kuisha na kifo chake kunaweza kupita miaka mingi. Kuna kiharusi kinachomlaza mtu upande mmoja. Kuna kisukari kinachokula miguu na macho polepole. Kuna ugonjwa wa kusahau, ambao mgonjwa wake anakula vizuri, analala vizuri, na hamjui mwanawe. Miaka hiyo ina gharama, na gharama hiyo italipwa na mtu. Msimamo wangu ni kwamba mlipaji wa kwanza awe ni mali ya mzee mwenyewe. Urithi ni kitakachosalia.

Najua maneno haya yanawachoma wengi. Mzazi wa kwetu amelelewa kuamini kwamba kula kiwanja ulichokinunua kwa jasho ni kuwanyang'anya wanao. Ukiwasikiliza wazee, wengi watakwambia wako tayari kulala na maumivu kuliko kuuza ng'ombe wa urithi. Lakini hata mila zenyewe, zilipoandikwa, ziliyafunga mambo haya mawili kwa fundo moja. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, kwa Tangazo namba 436, ambazo bado zinatumika kwa makabila mengi ya Tanzania Bara yanayofuata ukoo wa baba, zinampa mwenye mali haki ya kumnyima mtu urithi kwa sababu chache zilizotajwa. Miongoni mwake: mrithi ambaye, bila sababu ya haki, hakumtunza mwenye wosia katika shida ya njaa au ya ugonjwa. Anayenyimwa lazima apewe nafasi ya kujitetea. Kwa hiyo matunzo hayakuwa hisani tu hapo kale. Yalikuwa sharti.

Kanuni hizo hizo zina upande wake mchungu. Zinasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Maneno mazuri. Sasa watoto wakiwa hawana uwezo, au hawana moyo, au hawapo, mjane huyo anakula nini? Wajane wawili wa Tanzania waliopoteza nyumba kwa kanuni hizi walifika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kuwa haki zao zilikuwa zimevunjwa. Tangazo la 1963 liliendelea kuwapo. Mume anayesoma hapa na anaishi kwa mila aelewe kwamba akinyamaza, sheria itamsemea, na itakachosema kuhusu mkewe huenda asikipende.

Tuje kwenye hesabu. Watu wengi hawajawahi kuifanya kwa kalamu, na ndiyo maana huwakuta usingizini. Tuchukue mfano wa mama mwenye kiharusi anayetunzwa nyumbani katika mji wa kawaida. Namba hizi ni zangu za mfano. Wewe weka bei za kwenu. Mtu wa kumwogesha, kumgeuza na kumlisha: shilingi 200,000 kwa mwezi, na usishangae akiomba zaidi, kwa sababu kumgeuza mtu mzima kila baada ya saa mbili mchana na usiku si kazi ya dada aliyeajiriwa kufagia na kupika. Pampasi za watu wazima, 3 kwa siku kwa shilingi 1,500 kila moja: 135,000. Dawa za presha na kisukari: 60,000. Usafiri wa kliniki, maana mgonjwa wa namna hii hapandi daladala: 40,000. Maziwa, uji wa lishe, matunda, sabuni na maji ya ziada: 65,000. Jumla ni 500,000 kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka. Akiishi hivyo miaka 6, ni milioni 36. Hapo sijahesabu godoro la upepo, kiti cha magurudumu, wala siku za kulazwa.

Bima ya afya husaidia sehemu tu ya hesabu hii. Mtumishi aliyechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) huendelea kutibiwa baada ya kustaafu pamoja na mwenza wake, na hilo ni jambo kubwa ambalo mfanyabiashara wa sokoni hana. Lakini bima hulipa daktari, kipimo na dawa. Haimlipi mtu wa kuamka saa tisa usiku kubadilisha shuka. Kwenye matunzo ya muda mrefu, sehemu nzito ya gharama ni mikono ya watu, na mikono hiyo hulipwa mfukoni au hutolewa bure na binti mmoja wa familia. Huyo binti nitamrudia.

Pensheni nayo ina kisa. Watanzania wamebishana kwa miaka kuhusu kikokotoo cha mafao: mwaka 2018 kanuni mpya zikaweka mafao ya mkupuo kuwa asilimia 25, Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huo huo, kisha kuanzia Julai 2022 ikawa asilimia 33, na mwaka 2024 ikaongezwa tena. Hasira za wastaafu nazielewa. Mtu aliahidiwa hiki akapewa kile. Ila kwa jicho la sura hii, fedha inayomfaa mgonjwa wa kitandani ni ile ndogo ya kila mwezi isiyokwisha. Mkupuo huja mtu akiwa na miaka 60, ana nguvu, na kila ndugu ana wazo la biashara. Kufikia miaka 75, ambapo pampasi zinahitajika, mkupuo ulishakuwa basi dogo lililoegeshwa juu ya mawe. Mstaafu anayeniuliza afanyie nini mkupuo wake, namjibu: amalizie nyumba, aongeze vyumba vya kupangisha, na sehemu aiweke mahali panapotoa riba bila yeye kukimbizana na wadaiwa, kama hatifungani za Serikali. Teksi na mashine ya kusaga ziwe za watoto, kwa fedha zao.

Na wasio na pensheni, ambao ndio wengi? Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila aliyefikisha miaka 70, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya hutoa shilingi zake 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa umri huo kupitia mpango wa Inua Jamii. Hizi ni heshima, na kwa nyumba maskini ni chakula, lakini ziweke kando ya hesabu ya juu uone zinafika wapi. Makazi ya wazee ya Serikali yapo: Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Fungafunga Morogoro, Sebleni na Welezo Unguja. Yaliwekwa kwa ajili ya wasio na mtu. Mwenye watoto watano na nyumba mbili hayakumlenga yeye.

Basi kwa fundi, mama lishe, mkulima na dereva, pensheni ni nyumba, shamba au mifugo. Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika, na hufanywa kwa mapenzi. Mzee anaogopa watoto watagombana akifa, kwa hiyo anawagawia mali akiwa hai. Anahamisha jina la hati. Anajisikia mwepesi, anawaambia majirani kwamba amemaliza kazi. Kuanzia siku hiyo anaishi kama mgeni katika nyumba aliyoijenga. Simsemi vibaya mtoto; mtoto anaweza kuwa mwema kabisa na bado mambo yakaharibika. Anaiweka nyumba rehani kwa mkopo wa biashara, biashara inakufa, dalali anakuja na tangazo. Au anaachana na mkewe na nyumba inaingia katika mabishano ya mali za ndoa. Au anatangulia kufa, na ile nyumba inakuwa mirathi yake: wajukuu na mkwe wanakuwa wenye nyumba wa bibi.

Kwa Waislamu kuna jambo la ziada. Hiba hutimia kwa kutoa, kupokea na kukabidhi. Baba akisema mbele za watu kwamba nyumba amempa Salma, kisha akaendelea kuishi humo na kupokea kodi mwenyewe hadi kufa, ndugu wa Salma watamwuliza kadhi kama makabidhiano yalikuwapo kweli, na swali lao litakuwa na uzito. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti nayo huhesabiwa kama wosia: haivuki theluthi, na kwa mrithi haipiti bila ridhaa ya warithi wenzake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, mzazi ana nafasi ya kurejesha hiba aliyompa mwanawe ikiwa bado iko kwa mwana. Ikishauzwa, imekwenda. Wosia una faida hiyo moja kubwa kuliko hiba ya mapema: unaweza kuuandika leo, ukaubadilisha kesho, na wakati wote huo nyumba ni yako.

Anayemiliki nyumba mjini ana njia ambazo hazihitaji kuhamisha kitu. Mama wa Temeke mwenye vyumba sita akipangisha vitatu kwa shilingi 60,000 kila kimoja, ana 180,000 za uhakika; karibu amelipa mtunzaji. Mwenye viwanja viwili anaweza kuuza kimoja akiwa na akili zake, kwa bei anayoitaka. Kuuza wakati mgonjwa yuko chumba cha wagonjwa mahututi ni kuuza kwa bei ya mnunuzi. Ila nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja peke yake: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inadai ridhaa ya mwenza, na anayenunua bila kuuliza amejinunulia kesi.

Jambo linalofuata halisemwi sana, hata na mawakili. Familia nyingi huona zimejiandaa kwa sababu mzee amempa mtoto wake mkubwa hati ya uwakala inayomruhusu kuuza, kupokea kodi, kusaini benki. Hati hiyo ni nzuri sana mzee akiwa amevunjika nyonga. Ila kwa Sheria ya Mikataba, uwakala hukoma pale aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Yaani siku ile ile ugonjwa wa kusahau unapokolea, wakati hati inahitajika kuliko siku nyingine zote, ndipo inapopoteza nguvu. Mtoto akiendelea kusaini kwa jina la baba, anasaini kitu kisichokuwapo. Njia iliyobaki ni mahakama: Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaiwezesha kuteua mtu wa kusimamia mali ya asiyeweza kuisimamia. Njia hiyo ina daktari, ushahidi na foleni, na wakati huo wote pampasi hazisubiri.

Kwa hiyo mambo yapangwe mzee akiwa bado anabishana kuhusu mpira. Akaunti ya matunzo ifunguliwe kwa majina mawili, yeye na mtoto anayemwamini, na masharti ya kusaini yaandikwe benki waziwazi. Kodi za vyumba ziingie huko moja kwa moja. Kama ni mstaafu, mtoto mmoja ajue lini na jinsi gani uhakiki wa wastaafu hufanyika, kwa maana asiyehakikiwa pensheni yake husimamishwa, na mtu asiyeweza kutoka kitandani hawezi kwenda kujionyesha ofisini. Maofisa wa mfuko wa pensheni waarifiwe mapema wapange namna. Ninajua wanachofanya watu wengi badala ya haya. Kadi ya benki na namba ya siri hukabidhiwa binti, na binti huenda kutoa kila mwezi. Inafanya kazi vizuri, mpaka mzee afe. Hapo kaka aliyeko mbali huomba taarifa ya benki ya miaka mitatu, na kila alama ya kutoa fedha inageuka tuhuma.

Nilisema nitamrudia huyo binti. Karibu kila ukoo unaye. Aliacha kazi ya duka, au hakuolewa, au aliachika akarudi nyumbani, na ikaonekana Mungu amepanga. Ndugu wengine wako kwenye grupu la WhatsApp la familia, wanatuma elfu hamsini na picha za mikono iliyofungwa kwa sala. Yeye ndiye anayejua harufu ya kidonda. Mzee akifa, mezani wote wanakuwa warithi. Na kama ni mila ya 1963, yeye kwa kuwa ni mwanamke anawekwa daraja la mwisho, nyuma ya kaka zake wote. Mahakama ya Rufani ilishatambua mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa mtoto anayetunza mzazi hakuna mlango mpana namna hiyo, na familia inapaswa kumfungulia yenyewe.

Ufunguo upo. Katika mirathi zote tatu tunazozijua, ya kimila, ya Kiislamu na ya kiserikali, madeni ya marehemu hulipwa kabla warithi hawajagusa kitu. Mzee mwenye akili timamu anaweza kuandikiana na binti yake makubaliano ya matunzo: nitakulipa kiasi hiki kwa mwezi, kile nisichoweza kulipa sasa kinabaki deni juu ya mali yangu. Yaandikwe mwanzoni mwa matunzo, mbele ya wakili na ikiwezekana mbele ya ndugu wengine. Karatasi inayoibuka wiki ya mwisho, kidole gumba cha mgonjwa kikiwa kimesaidiwa, haitamfaa. Na liwepo daftari. Kila siku: dawa, pampasi, nauli, aliyetuma na kiasi alichotuma. Daftari hilo humlinda binti dhidi ya kaka, na kaka dhidi ya mashaka yake mwenyewe. Wapo wanaosema kuandikiana na mwanao ni kufanya mapenzi kuwa biashara. Nimeona wanaosema hivyo mara nyingi si wale wanaofua mashuka.

Kulianzisha jambo hili ndiyo kazi ngumu, kwa sababu kumwuliza mzazi kuhusu mali ni kama kumtabiria kifo. Usianze na mirathi. Anza na ugonjwa, ambao kila mzee anauongelea bila kuombwa. "Shikamoo baba. Jana nilikuwa kwa mzee wa jirani, kapooza, na wanawe wameshindwa kutoa hata fedha zake za dawa benki. Sisi likitukuta, ungependa nani aende?" Swali hilo linampa baba cheo cha kuamua. Mara nyingi atajibu kwa hadithi ndefu ya mdogo wake aliyedhulumiwa, kisha, ukivumilia, atataja jina. Mama yeye huwaambia binti zake mapema zaidi, jikoni, na huyasema kama utani. Binti ayachukue kwa uzito.

Baada ya matunzo kupangwa, wosia huandikika kwa urahisi zaidi, kwa sababu swali gumu limeshajibiwa. Kwanza ijulikane ni sheria gani inakuhusu. Mwislamu ataacha wosia usiozidi theluthi ya mali baada ya mazishi na madeni, na usiende kwa mrithi bila ridhaa ya wenzake. Kinachobaki kimeshapangiwa mafungu, mke wa mume aliyeacha watoto thumuni, mama wa marehemu huyo sudusi. Anayeishi kimila hufuata kanuni za 1963: wosia wa maandishi wa anayejua kusoma una mashahidi wasiopungua 2, wa ukoo na mtu baki; wosia wa mdomo una wasiopungua 4, nusu wa ukoo na nusu baki. Mkristo wa mjini aliyeacha mila anaweza kujikuta chini ya Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ndiyo, ya India, ya enzi za Malkia Victoria, ambayo hadi leo hufunguliwa katika mahakama zetu. Jambo hilo likibishaniwa, mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alionyesha kutaka nini, kwa hiyo liandike waziwazi ndani ya wosia. Anayepewa kitu asiwe shahidi. Daktari akithibitisha kwa maandishi siku hiyo hiyo kwamba akili ya mzee ni timamu, umeziba mdomo wa hoja inayopendwa kuliko zote: kwamba alikuwa hajitambui.

Mahali pa kuuweka pana uzito kama maneno yake. Sandukuni chini ya nguo ndipo wa kwanza kufika atakapoupata, na hujui wa kwanza ni nani. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia. Mawakili pia, na baadhi ya makanisa. Mtu mmoja nje ya nyumba ajue ulipo. Msimamizi wa mirathi umtaje, kisha umtaje na wa pili. Chagua mtu wa kuandika hesabu, hata kama si mkubwa wa ukoo, maana Mahakama ya Mwanzo humtaka atoe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, na mahakama za juu ndani ya miezi 6, na wengi hushindwa hapo. Kikao cha ukoo kitakaa hata hivyo, na muhtasari wake mahakama huuomba kwa mazoea. Wosia ukiwepo, kikao kinakuwa na la kusoma. Mume asiyemsahau mkewe ataandika pia kwamba mke ana haki ya kuishi katika nyumba ile maisha yake yote, na kodi ya vyumba ni ya kumtunza, kabla ya yeyote kufikiria kuiuza.

Linabaki jambo moja ambalo karibu hakuna familia inayolipangia: mtunzaji kufa kabla ya anayetunzwa. Mtoto wa miaka 50 anayetuma fedha kila mwezi hugongwa na bodaboda, na bibi wa miaka 80 anabaki. Kwa sheria ya Kiislamu mama ana sudusi yake katika mali ya mwanawe aliyeacha watoto, na ndugu wasione haya kuidai kwa niaba yake. Kenya, Sheria ya Mirathi inamruhusu mzazi aliyekuwa akitunzwa na marehemu kuiomba mahakama imtengee kitu. Kwingine, kama mtoto hakuandika, bibi hutegemea huruma ya mkwe, ambaye naye ana watoto wa kusomesha. Kwa hiyo wosia si wa wazee peke yao. Mtoto anayelea mzazi aandike wake, amtaje mama kwa jina na kiasi, na ataje nani atashika akaunti ya matunzo baada yake. Na kila aliyetajwa anapofariki, kuoa au kuachana, au kilichotajwa kinapouzwa, maandishi yarudiwe upya. Kwa kanuni za 1963, wosia wa maandishi haufutwi kwa mdomo, hata kama mzee alisema mbele ya ukoo mzima kwamba amebadilisha nia. Ule wa zamani uchukuliwe ulikohifadhiwa, uchanwe, na mpya uwekwe mahali pake siku hiyo hiyo.